Picha ya rangi haithibitishi kwamba laini ni ya omu 50

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa sayansi, iliyoeleza jinsi wasanifu wa saketi za redio wanavyotumia programu za kompyuta kuiga mawimbi ya sumakuumeme kabla ya kutengeneza chochote. Nilifurahi kuona somo ambalo kwa kawaida hufungiwa maabara likielezwa kwa Kiswahili cha kusomeka. Hata hivyo, makala ilisindikizwa na picha ya laini ya mikrostripi iliyopakwa rangi kuanzia buluu hadi nyekundu, na maelezo chini yake yalisema kwamba laini hiyo ni ya omu 50 (hicho ni kipimo cha impedansi yake, nitakachokieleza hapa chini) juu ya bodi ya FR-4, yaani bodi ya nyuzi za kioo na gundi ya epoksi, kwamba programu imethibitisha kuwa ni sahihi, na kwamba siku hizi msanifu hana tena haja ya kuhangaika na kanuni za kwenye karatasi. Nilichukua rula nikaipima picha. Upana wa utepe ulikaribia kulingana na unene wa bodi, na hapo wasiwasi wangu ukaanza, kwa sababu laini ya omu 50 juu ya FR-4 huwa na upana unaokaribia mara mbili ya unene huo. Huenda mpangaji wa kurasa aliibana picha ili itoshe katika safu, na kama ndivyo naomba radhi mapema. Lakini kama picha ilichapishwa kwa uwiano wake, basi laini ile ina zaidi ya omu 70, na programu iliyoithibitisha haikuulizwa swali ambalo mwandishi alidhani ameliuliza.

Kwa msomaji ambaye hakuiona makala hiyo, mikrostripi ni utepe mwembamba wa shaba uliolazwa juu ya bodi ya kihami, ambayo upande wake wa chini umefunikwa wote na bamba la shaba linaloitwa ardhi. Ndiyo njia inayopitisha ishara za redio kati ya chipu na antena ndani ya vifaa vingi tunavyotumia. D. D. Grieg na H. F. Engelmann, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara za kampuni ya ITT nchini Marekani, waliieleza katika jarida la wahandisi wa redio mwaka 1952, na tangu hapo imeenea kwa sababu inachapwa na kuchongwa kwa njia ile ile inayotumika kwa saketi nyingine yoyote. Kwa umbo, hakuna kitu rahisi zaidi cha kuchora, na ndiyo maana karibu kila anayejifunza programu hizi huanza nayo.

Urahisi huo ni wa macho tu. Sehemu ya uga wa umeme hupita ndani ya bodi, kutoka kwenye utepe kwenda kwenye ardhi, na sehemu nyingine hujipinda hewani pembeni mwa utepe kabla ya kushuka. Ndani ya kihami wimbi hutaka kwenda polepole. Hewani hutaka kwenda haraka. Na kwa kuwa ni wimbi moja, huishia kwenda kwa mwendo ulio katikati. Wahandisi huueleza mwendo huo kwa namba moja inayoitwa permitiviti fanisi, ambayo kila mara huwa kubwa kuliko 1 ya hewa na ndogo kuliko permitiviti ya bodi yenyewe, yaani namba inayoonyesha jinsi kihami hicho kinavyolipunguzia wimbi mwendo. Kadiri masafa yanavyopanda, uga huvutwa zaidi ndani ya bodi na namba hiyo huongezeka kidogo kidogo. Hakuna kanuni fupi iliyo kamili inayoeleza haya yote. Zilizopo ni za makadirio, lakini ni makadirio mazuri sana.

Naomba nikae kidogo kwenye makadirio hayo, kwa sababu ndiyo yaliyodharauliwa na makala. Chukua bodi ya FR-4 yenye unene wa milimita 1.6 na permitiviti ya 4.4. Kanuni zilizotokana na kazi ya Harold Wheeler ya miaka ya 1960, pamoja na zile sahihi zaidi ambazo Hammerstad na Jensen walizichapisha mwaka 1980, zinahitaji kikokotoo cha mkononi na dakika chache tu. Zinasema kwamba utepe wenye upana wa milimita 3 utakuwa na permitiviti fanisi ya 3.3 hivi na impedansi ya omu 51 hivi. Impedansi hapa ni uwiano wa volteji na mkondo wa wimbi linaposafiri kwenye laini, na vifaa vingi vya redio vimetengenezwa vikitarajia uwiano huo uwe omu 50. Zinasema pia kwamba wimbi litasafiri kwa asilimia 55 hivi ya mwendo wa mwanga, kwa hiyo ishara ya gigahezi 2.4, ambayo hewani ina urefu wa wimbi wa milimita 125, kwenye laini hii itakuwa na takriban milimita 69. Kabla ya kuwasha kompyuta, basi, msanifu ana namba tatu mkononi. Programu ikimletea kitu kilicho mbali na namba hizo, kosa liko kwenye mchoro wake, si kwenye sheria za Maxwell zinazotawala sumakuumeme.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuumwa na nyoka huyo huyo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilisanifu laini ya majaribio yenye urefu wa milimita 35 juu ya bodi kama hiyo niliyoitaja. Nilianza kuchora nusu ya umbo, kuanzia mstari wa katikati hadi ukingo, nikikusudia kuiambia programu kwamba nusu ya pili ni kioo cha nusu ya kwanza ili kupunguza kazi ya kompyuta. Baadaye nikabadili nia, nikaliondoa sharti la kioo, nikapanua bodi upande wa pili, lakini nikasahau kuupanua utepe. Nilibaki na utepe wa milimita 1.5 badala ya 3. Programu ilifanya kazi yake, ikanipa picha ya kupendeza yenye mawimbi mekundu na ya buluu yakifuatana kwenye laini, na mchoro wa kigezo S11, ambacho hueleza ni kiasi gani cha wimbi kinarudi kilikotoka, ukiwa chini ya desibeli −40 kutoka mwanzo hadi mwisho wa masafa. Kwa maneno mengine, niliambiwa kwamba hakuna kinachorudi. Nilipeleka mchoro ukachongwe.

Bodi iliporudi nilifunga konekta na kuipima. Karibu na gigahezi 1.2 mwakisiko ulipanda hadi karibu desibeli −9, yaani zaidi ya asilimia 10 ya nguvu ilikuwa inarudishwa mlangoni. Ajabu ni kwamba karibu na gigahezi 2.4, ambako ndiko nilikokusudia kuitumia, laini ilionekana safi. Ningekuwa mvivu kidogo zaidi na kupima hapo peke yake, ningeendelea na kazi nikiamini kwamba nimefaulu. Sababu si ya ajabu ukishaijua. Utepe wa milimita 1.5 una impedansi ya omu 73 hivi, na milimita 35 za utepe huo ni nusu ya urefu wa wimbi katika gigahezi 2.4. Laini yenye urefu wa nusu wimbi, iwe na impedansi yoyote, huonyesha upande mmoja kile kilichofungwa upande wa pili, kana kwamba yenyewe haipo. Katika robo ya wimbi hali hugeuka: omu 50 zilizofungwa mwishoni huonekana mlangoni kama omu 107 hivi, na wimbi hurudi.

Swali lililonikosesha usingizi halikuwa la bodi, maana kosa la bodi nililiona mara moja nilipoweka rula. Nilijiuliza kwa nini programu ilisema desibeli −40 kwa laini ambayo ni mbovu waziwazi. Jibu liko kwenye poti, yaani mahali ambapo programu huingiza na kupokea wimbi, na ningependa wasomaji wako walielewe kwa sababu ndilo linalowapoteza wanaoanza kuliko jambo lingine lolote ninalolijua. Kabla ya kukokotoa umbo zima, programu nyingi za aina hii huchukua uso wa poti na kutafuta wimbi linaloweza kupita hapo. Wimbi hilo lina impedansi yake, ambayo kwa laini yangu ilikuwa omu 73. Programu isipoagizwa vinginevyo, hutumia impedansi hiyo hiyo kuwa kipimo cha rejea, kisha ikaripoti kwamba laini ya omu 73 inafanana kabisa na poti ya omu 73. Ni kama fundi cherehani anayekata kamba kwa urefu wa mteja, halafu anampima mteja huyo kwa kamba hiyo, na kutangaza kwamba ana urefu wa kamba moja kamili. Hakusema uongo, ila hakuna alichopima.

Dawa yake ni kubofya mara moja: kuiambia programu iripoti matokeo kwa rejea ya omu 50. Nilipofanya hivyo kwenye faili lile lile la zamani, bila kubadilisha mstari hata mmoja wa mchoro, kilima cha gigahezi 1.2 kilijitokeza mahali pale pale nilipokiona kwenye bodi. Programu ilikuwa na jibu sahihi muda wote. Na picha ya rangi, Ndugu Mhariri, ilibaki vile vile kabla na baada ya marekebisho hayo.

Poti ina mitego mingine, midogo kidogo. Uso wake lazima uwe mpana na mrefu vya kutosha kuubeba uga unaojipinda hewani. Kwa desturi, pale ambapo utepe ni mpana kuliko unene wa bodi, wasanifu huupa upana wa mara 10 ya utepe na kimo cha mara 6 hadi 10 ya unene wa bodi. Ukiubana, mistari ya uga hushikana na kingo za poti, ambazo programu nyingi huzichukulia kuwa chuma, na impedansi inayoripotiwa hushuka chini ya ile ya kweli. Ukiutanua kupita kiasi, poti yenyewe hugeuka kuwa bomba linalopitisha mawimbi ya aina nyingine ambayo hayahusiani na laini yako.

Kuhusu wavu, nitasema zaidi kidogo. Programu haiwezi kukokotoa uga katika kila nukta ya anga; hulazimika kuigawa anga katika vipande vidogo na kutafuta jibu katika kila kipande. Njia za kufanya hivyo zina historia ndefu: Kane Yee alieleza mwaka 1966 namna ya kuyafuatilia mawimbi hatua kwa hatua katika muda kwenye wavu wa vijisanduku, Roger Harrington akachapisha mwaka 1968 kitabu kuhusu mbinu ya momenti ambayo hugawa mikondo iliyo kwenye uso wa shaba badala ya kugawa anga nzima, na wengine wakaegemea mbinu ya elementi zenye ukomo iliyotoka kwa wahandisi wa miundo. Kila njia ina tabia zake, lakini swali la wavu liko katika zote.

Kanuni ya kidole gumba inayofundishwa ni kwamba vipande visizidi moja ya ishirini ya urefu wa wimbi. Kwa antena kubwa inaweza kutosha. Kwa mikrostripi yetu moja ya ishirini ya milimita 69 ni zaidi ya milimita 3, ilhali bodi nzima ina unene wa milimita 1.6. Anayeifuata kanuni hiyo kwa uaminifu atakuwa na kipande kimoja tu, tena kikubwa kuliko nafasi yenyewe, mahali ambapo uga wote muhimu umejikusanya. Zaidi ya hapo, mkondo kwenye utepe hausambai sawasawa: hujazana kwenye kingo mbili, na uga hapo hupanda kwa ghafla kiasi kwamba wavu mpana huuruka bila kuuona. Ndiyo maana wanaotumia wavu wa vijisanduku huweka mistari iliyosongamana karibu na ukingo, na wengi wao huhakikisha kwamba ukingo wenyewe hauangukii juu ya mstari wa wavu, bali theluthi moja ya kijisanduku inabaki ndani ya shaba na theluthi mbili nje. Inaonekana kama uchawi mdogo, lakini ina hesabu yake.

Baadhi ya programu husuka wavu zenyewe, zikiukaza raundi baada ya raundi hadi tofauti ya jibu kati ya raundi mbili iwe ndogo kuliko kiwango kilichowekwa. Huduma hiyo ni nzuri, lakini haisemi kile ambacho watumiaji wengi wanadhani inasema. Tofauti ndogo kati ya raundi mbili ina maana kwamba jibu limepunguza mwendo. Haina maana kwamba limefika. Mimi huwataka wanafunzi wangu wakaze kiwango hicho, waendeshe tena, na waandike impedansi ya kila raundi kwenye daftari. Ikiwa ya mwisho ni 51.2 na iliyotangulia ni 51.3, tunaendelea. Ikiwa ni 51 baada ya 55, hatujafika, hata kama programu imeweka alama ya kijani.

Mipaka ya nje nitaipitia haraka. Kompyuta haiwezi kuiga anga isiyo na mwisho, kwa hiyo lazima kuwe na ukuta mahali fulani. Baadhi ya programu, zisipoambiwa kitu, huchukulia kwamba ukuta huo ni chuma kamili, na msanifu ambaye hakulijua hilo anakuwa ameufunga usanifu wake ndani ya kisanduku ambacho katika masafa fulani huvuma kama ngoma. Kuna kuta za kufyonza, na ile inayotumiwa sana leo ilielezwa na Jean-Pierre Bérenger mwaka 1994, lakini nazo zikiwekwa karibu mno na utepe hunyonya uga ambao ulikuwa wa laini. Kwa upande mwingine, kama kifaa chako kitakaa kweli ndani ya kasha la chuma, basi kasha lichorwe. Kuliacha nje ni kosa la kinyume.

Sasa nije kwenye jambo ambalo programu yoyote, hata iwe ya bei gani, haiwezi kumsaidia msanifu asiyejua: mali ya vitu vyenyewe. Makala ilitaja FR-4 kana kwamba ni kitu kimoja. Jina hilo ni la daraja la nyuzi za kioo na gundi ya epoksi lililowekwa kwa kuzingatia uwezo wake wa kutoshika moto, si kwa kuzingatia mawimbi. Permitiviti yake hubadilika kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, hubadilika kulingana na kiasi cha gundi na nyuzi, na hushuka kidogo masafa yanapopanda. Mtu anaweza kukutana na 4.2 na mwingine 4.6, na wote wawili wana haki ya kuiita FR-4.

Je, tofauti hiyo ina uzito? Inategemea unachojenga, na hapa ndipo namba za mkononi zinapong'aa tena. Kwa laini iliyonyooka ya milimita 3, kubadilisha permitiviti kutoka 4.2 hadi 4.6 huipeleka impedansi kutoka omu 52 hivi hadi omu 50 hivi. Hakuna kifaa cha kawaida kitakacholalamika. Lakini tofauti hiyo hiyo hubadilisha urefu wa wimbi kwa asilimia 4. Ukitengeneza kichujio au kipande kinachovuma katika gigahezi 2.4, kitahama kwa takriban megahezi 100, ilhali bendi ya Wi-Fi inayoanzia hapo ina upana wa megahezi 83.5 tu. Kichujio kitakuwa kimeruka nje ya bendi nzima huku laini zinazokifikia zikiwa hazina tatizo lolote. Aliyeingiza 4.4 kwa sababu ndiyo iliyokuwemo tayari katika orodha ya programu atashangaa sana, na huenda akailaumu programu.

Upotevu nao una hadithi kama hiyo. FR-4 hula sehemu ya wimbi na kuigeuza joto. Kwa tanjenti ya upotevu, yaani namba inayopima ulaji huo, ya 0.02, ambayo ni ya kawaida kwa bodi hizo, laini yetu hupoteza katika kihami peke yake takriban desibeli 0.7 kwa kila sentimita 10 katika gigahezi 2.4. Bodi zilizotengenezwa mahususi kwa redio zina tanjenti ndogo kuliko hiyo mara kadhaa, na pale upotevu unapokuwa ndio hoja, hakuna ustadi wa kuchora utakaoziba pengo hilo. Katika shaba, mkondo wa gigahezi 2.4 hukaa kwenye tabaka la nje lenye kina cha takriban mikromita 1.3, wakati shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikromita 35. Kwa hiyo hakuna faida ya kuujaza wavu ndani ya shaba; mwambie kompyuta aichukulie kama uso wenye ukinzani, na uhifadhi kumbukumbu yake kwa ajili ya kingo. Ukwaru wa shaba upande unaogusana na bodi huongeza upotevu juu ya hesabu hiyo, nao haumo kwenye mchoro hadi msanifu auweke.

Nisieleweke kwamba nazipinga programu hizi. Nazitumia karibu kila siku, na zipo za bure zenye uwezo wa kweli, kama openEMS, ambayo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuiendesha. Laini ikipinda, ikigawanyika, ikipita karibu na nyingine, au ikishuka kupitia tundu kwenda tabaka jingine, kanuni za mkononi huishiwa pumzi haraka, na hapo uigaji ndio njia ya pekee yenye maana kabla ya kuchonga bodi. Hoja yangu ni kwamba laini iliyonyooka ndiyo mahali ambapo tunajua jibu kabla, kwa hiyo ndiyo mahali pa kuipimia programu pamoja na mtumiaji wake. Anayeshindwa kuipata omu 51 kwenye utepe wa milimita 3 hana sababu ya kuiamini kona yake yenye nyuzi 90.

Zipo hundi mbili ambazo hazigharimu kitu, na ambazo ningependa zingekuwa kando ya kila picha ya aina ile. Ya kwanza ni ya nishati. Weka upotevu wote uwe sifuri, kisha jumlisha mraba wa ukubwa wa S11 na mraba wa ukubwa wa S21, kigezo cha kile kinachovuka hadi upande wa pili. Katika laini iliyonyooka ambayo karibu haimwagi kitu hewani, jumla hiyo inapaswa kukaribia 1. Ikizidi 1, laini yako inazalisha umeme kutoka pasipo na kitu, na usiendelee. Ikipungua sana, kuna ukuta unaofyonza uga usio wake, au poti haikukamata wimbi zima. Ya pili ni ya fazi. Kwenye milimita 35 za laini ya milimita 3, ishara ya gigahezi 2.4 inapaswa kuchelewa kwa nyuzi 184 hivi, namba inayopatikana moja kwa moja kwa kugawa 35 kwa 69 na kuzidisha kwa 360, ukiacha kosa la kukadiria desimali. Fazi haidanganywi na impedansi ya rejea kirahisi kama S11, na ukiirefusha laini mara mbili inapaswa nayo kuongezeka mara mbili. Laini yangu mbovu ilikuwa na nyuzi 179. Tofauti ya nyuzi tano ingetosha kunifanya niulize, kama ningekuwa na namba ya kuilinganisha nayo.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wa makala ile, kama bado ana faili lake, alifungue na kuangalia mambo matatu: upana wa utepe kwa milimita, rejea ya poti zake, na thamani ya permitiviti aliyoiweka. Kisha naomba gazeti lichapishe, badala ya picha ya rangi, mchoro wa S11 kwa rejea ya omu 50 kuanzia gigahezi 0.5 hadi 3, ukiambatana na urefu wa laini ili msomaji mwenye kikokotoo aweze kuukagua mwenyewe. Ikiwa mchoro huo hautaonyesha kilima pale ambapo laini ina urefu wa robo ya wimbi, nitakubali kwamba ni rula yangu iliyokosea, na nitaandika tena kusema hivyo.

Wako,
Mwalimu wa maabara ya mawasiliano ya redio